Bati mpya ya kriketi kwa msimu huu: Kashmir au Uingereza? Na kwa nini huku kwetu zinapasuka sana

Uyole_Kwetu (mleta uzi):
Wakuu salaam. Mvua zimekata huku Mbeya, uwanja umeanza kukauka na sisi tumerudi mazoezini. Bati yangu (ule ubao wa kupigia mpira) ya msimu uliopita imekufa, imepasuka kutoka ncha ya chini mpaka karibu na katikati, na siyo yangu tu, kwenye kikosi chetu bati zinakufa kabla msimu haujafika hata nusu. Nna laki tatu, nikijibana inafika tatu na nusu. Muuzaji wa Dar ananiambia kwa hela hiyo chukua za wilo (ule mti wa kuchongea bati) ya Kashmir, India, mbili, bro wangu anasema bora nisubiri niongezee nichukue moja ya wilo ya Uingereza hata kama ni gredi ya chini. Msimamo wangu mimi ni kwamba Kashmir haifai nyanda za juu, hii baridi kavu ya Juni mpaka Agosti inaimaliza. Wanaojua mje, uzito gani, saizi gani, na kwa nini zinapasuka hivi.

Mtoro_wa_Soka:
Kriketi Mbeya?? Yaani Prisons tu hatujamaliza kuilalamikia mnatuletea mchezo wa kusimama juani toka asubuhi mpaka jioni af mnaenda kunywa chai katikati. Haya naweka kambi hapa nione.

Binti_Gangilonga:
Mtoro usituharibie uzi. Kaka Uyole, mimi nipo Iringa nacheza na wasichana wenzangu, nakushauri uanze na uzito kabla ya kuuliza mti umetoka nchi gani. Watu wengi hapa wananunua bati nzito kwa sababu wameona fulani kwenye tivii anapiga sita (mpira unavuka mpaka wa uwanja bila kudunda). Ishike kwa mkono wa juu peke yake, ule wa kushoto kama unapiga kwa kulia, inyooshe mbele yako ukae nayo kidogo. Mkono ukianza kutetemeka hiyo siyo yako irudishe. Kwa mtu mzima wa kawaida kilo 1.1 mpaka 1.2 inatosha. Na uzito wa mzani siyo kila kitu, kuna bati mbili za kilo ileile moja ukiinyanyua inaelea nyingine inakuvuta chini, ni jinsi mbao ilivyogawanywa. Kuhusu Kashmir mimi naitumia na haijapasuka, baridi ya Iringa unaijua.

Seremala_Mafinga:
Mleta uzi usiisingizie baridi, baridi haipasui mbao. Kinachopasua mbao ni kupoteza unyevu haraka upande mmoja kuliko mwingine. Sisi huku tunakausha mbao kila siku tunaliona hilo, ukiiweka juani bila kivuli inapasuka kwenye ncha zake mbili kwanza. Sasa nikuulize, bati unailaza wapi? Maana najua Mbeya mwezi wa saba watu wanaingiza jiko la mkaa ndani (jambo la hatari lenyewe hilo, tuliache) na vitu vyote vya mbao vinasimamishwa kwenye kona karibu na jiko. Au unaiweka juu ya dari chini ya mabati? Mchana kule ni oveni.

Mzee_Miyomboni:
Vijana wangu, habari za jioni. Mimi nimeucheza mchezo huu Iringa tangu enzi ambazo timu nzima ilikuwa na bati tatu za kugawana, anayetoka anamkabidhi anayeingia. Zile bati zilidumu miaka. Siri haikuwa mti, ilikuwa ni kuiandaa. Bati mpya haiendi uwanjani. Unaipaka mafuta ya linsidi kidogo sana kwa kitambaa, uso na kingo na ncha ya chini, unailaza usiku kucha ikiwa imelala na siyo imesimama, kisha unaanza kuigonga kwa nyundo ya mbao au kwa mpira wa zamani uliotiwa kwenye soksi. Pole pole mwanzoni, unaongeza nguvu. Inachukua saa nne, tano, hata sita, siyo kwa siku moja. Kingo unazigonga kwa kupinda ili ziwe za mviringo, usizigonge zikiwa zimekuelekea wima. Ninyi mnaitoa kwenye nailoni asubuhi, saa nne mnakutana na mpira mpya. Itakosaje kupasuka?

Uyole_Kwetu:
Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Mafuta nilipaka tena mengi tu, nilipaka alizeti ile ya kukamua huku huku maana linsidi sikuipata, nikaona mafuta ni mafuta.

Binti_Gangilonga:
Alizeti 😂😂😂 ulikuwa unaikaanga?

Mtoro_wa_Soka:
Uzi umeanza kunoga.

Seremala_Mafinga:
Uyole_Kwetu hapana, mafuta siyo mafuta. Linsidi yanakauka kwenye mbao yanaganda kwenye nyuzi, ndo maana mafundi tunayatumia kwenye fanicha. Alizeti yanakauka kwa kusuasua, yananatanata, yanakamata vumbi. Na hata hayo ya linsidi ukizidisha ni balaa, bati inakuwa nzito na inapoteza ile sauti. Halafu ile sehemu ya V ambapo mpini umeingia kwenye ubao usiguse kabisa, mafuta yakiingia kwenye gundi mpini unaanza kulegea. Maduka ya rangi Mwanjelwa lazima kuna linsidi, waambie unataka yale mabichi.

Kihesa_Juu:
Kamwene wakuu. Nimesoma toka juu nina swali la kizalendo. Sao Hill pale Mufindi kuna msonobari na mikaratusi mpaka macho yanachoka, nguzo za umeme zinatoka huko, mbao za nusu ya nchi zinatoka huko, sisi tunaagiza kipande cha mti kutoka India kwa laki na nusu?? Seremala, si utuchongee tu.

Seremala_Mafinga:
Kuchonga naweza, nimeshawachongea watoto za mpira wa tenisi. Lakini kwa mpira wa ngozi hapana. Msonobari una nyuzi laini na ngumu zinazopishana, unapigwa mara kadhaa unaanza kumenyeka vipande. Mkaratusi mzito, na ukikauka unapinda na kupasuka kwa hasira zake. Mninga mzuri mno ila ukibeba bati ya mninga ukamaliza ova kumi (kila ova mipira sita) utatafuta mtu wa kukuchua mabega. Wilo wana kitu cha pekee, ni mwepesi af ukiugonga unabonyea kidogo bila kukatika. Pale kiwandani uso wake wanaukandamiza kwa mashine, ndo unapata ile ngozi ngumu ya juu huku ndani bado laini. Na mpini siyo wilo, ni henzerani zilizounganishwa kwa gundi na vipande vya raba katikati ili mkono usipate ganzi.

Fizikia_Tamu:
Naunga mkono Seremala, naongezea kidogo. Mti wa bati wa Uingereza na wa Kashmir kimsingi ni ndugu mmoja, wilo mweupe, Kashmir ulipelekwa na Waingereza wenyewe. Tofauti ni hali ya hewa na ukuaji, wa Kashmir unatoka mzito zaidi, mgumu zaidi, rangi inaelekea kahawia na mistari yake haieleweki vizuri. Ule wa Essex kule Uingereza na maeneo yale unakatwa ukiwa na miaka kama 15 mpaka 20. Kila mstari unaouona kwenye uso wa bati ni mwaka mmoja wa mti. Mistari mingi maana yake mti ulikua taratibu, bati inafunguka mapema (inaanza kupiga vizuri) ila umri wake mfupi. Mistari michache inachelewa kufunguka lakini inavumilia. Kwa hiyo mtu akikwambia mistari kumi na mbili ni bora kuliko sita muulize, bora kwa nani, anayenunua kila msimu au wewe wa laki tatu?

Kihesa_Juu:
Na mlanzi je, mwanzi wetu wa kugema ulanzi? Msiniambie na wenyewe haufai.

Fizikia_Tamu:
Kihesa umegusa penyewe. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Cambridge walitengeneza bati ya mianzi, wakapasua vipande vikagundishwa pamoja, wakaipima wakakuta ni ngumu kuliko wilo na ile sehemu tamu ya kupigia ni kubwa zaidi na imeshuka karibu na ncha. MCC, wale wenye sheria za mchezo, wakasema hairuhusiwi maana sheria inataka ubao wa bati uwe mbao tupu, na mwanzi kitaalamu ni nyasi.

Kihesa_Juu:
Nyasi!! Babu yangu amezeeka anagema nyasi kumbe. Basi tuachieni, mvua zikianza sisi tunakata ncha tunaweka mbeta ya kukingia tunakunywa, wao wabaki na wilo wao. Mtogwa (ule mtamu) asubuhi, mkangafu (ule mkali) jioni, nani ana haja ya kupiga sita.

Mtoro_wa_Soka:
Kwa mara ya kwanza kwenye huu uzi nimeelewa kinachozungumzwa.

Kondakta_Kitonga:
Hiyo sheria ya mbao tupu ilikuja baada ya Botham wa Uingereza kuingia na bati ya bati, namaanisha ya aluminiamu, mwaka 1981 pale London dhidi ya Australia. Niliisoma zamani.

Mzee_Miyomboni:
Kijana, siyo Botham. Ni Dennis Lillee wa Australia, Desemba 1979, uwanja wa Perth, mechi dhidi ya Uingereza. Nahodha wa Uingereza Mike Brearley alilalamika kuwa inaharibu mpira, waamuzi wakamwambia Lillee abadilishe, akagoma, mwishowe akaitupa bati mbali kwa hasira. Baada ya hapo ndipo sheria ikaandikwa wazi kwamba ubao uwe wa mbao.

Kondakta_Kitonga:
Sawa mzee, Lillee na Perth. Ila aluminiamu ipo palepale 😁

Baba_Nzovwe:
Turudi kwa mleta uzi. Wote mnazungumzia mti na mafuta, hakuna aliyeuliza wanachezea wapi. Mimi nimewaona hao vijana, pichi yao (ile njia ya katikati anaposimama mpigaji) ni zege limetandikwa mkeka. Mpigaji akisimama anasubiri mpira anagonga ncha ya bati chini tap tap tap, kila mpira, siku nzima, juu ya zege. Ncha ndiyo sehemu ambayo nyuzi za mti zimekatwa zimebaki wazi, unaigonga hapo inafumuka kama mswaki, na asubuhi nyasi za nje zina umande, inakunywa maji inavimba, mchana inakauka. Hata wilo ya gredi ya kwanza ingekufa. Gundisha raba ya ncha, fundi viatu anakuwekea kwa buku mbili.

Uyole_Kwetu:
Baba Nzovwe shkamoo. Kumbe unatufahamu. Lakini hata timu za Dar wanachezea mkeka juu ya zege viwanja vingine na bati zao hazifi hivi.

Baba_Nzovwe:
Marahaba. Dar kuna unyevu wa bahari, hapo ndo Seremala anaingia. Mimi sijasema ukavu haupo, nasema zege linaanza.

Binti_Gangilonga:
Mimi naona mipira. Ile ya ngozi ya bei rahisi iliyopakwa plastiki juu ni migumu kama jiwe. Tulikuwa tunaitumia mazoezini ikachana kingo za bati ya mwenzangu, tulipobadilisha mipira ikatulia. Mpira wa sheria una gramu 156 mpaka 163, ile mingine ukiweka kwenye mzani wa duka inapitiliza.

Tukuyu_Ndizi:
Kuna kitu hamjakisema. Bati za siku hizi zimevimba kingo, watu wanataka kingo nene na uzito mdogo kwa wakati mmoja, sasa kiwanda kitafanyaje? Kinakausha mbao zaidi ili iwe nyepesi. Mbao kavu inapiga mbali lakini inavunjika mapema. Ndo maana bati za mzee Miyomboni zilidumu, zilikuwa nyembamba na zina unyevu wake. Tangu Oktoba 2017 wameweka kikomo, ukingo usizidi milimita 40, unene wa jumla milimita 67. Upana ni wa zamani, sentimita 10.8. Ndaga.

Fizikia_Tamu:
Tukuyu umesema kweli. Na mbao ikishatoka kiwandani kavu hivyo ikaletwa Mbeya mwezi wa saba...

Kondakta_Kitonga:
Mimi nadhani pia hewa. Mbeya tuko juu mita kama 1,700, hewa nyepesi, mpira unakuja kwa kasi zaidi na unaenda mbali zaidi. Ndo maana Johannesburg ambayo iko juu vilevile Australia na Afrika Kusini walipiga rani (pointi) 434 na 438 siku moja, Machi 2006. Kwa hiyo bati inapigwa na kitu chenye kasi.

Fizikia_Tamu:
Mpira kwenda mbali sawa, nakubali. Lakini kasi inayoongezeka kati ya mrushaji na mpigaji, hatua ishirini na kitu tu, ni ndogo mno haiwezi kupasua bati. Na mechi ile pichi yenyewe ilikuwa tambarare kama barabara, rahisi kwa mpigaji, usiipe milima sifa zote.

Kondakta_Kitonga:
Ndogo siyo sifuri mkuu.

Mtoro_wa_Soka:
Swali la dhati sasa. Tanzania kwenye huu mchezo tuna maana yoyote au ni kujifurahisha?

Mzee_Miyomboni:
Kombe la Dunia la kwanza kabisa, 1975 Uingereza, ilikuwepo timu ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa pamoja. Walifungwa mechi zote tatu, lakini walikuwepo.

Binti_Gangilonga:
Na vijana wetu wa chini ya miaka 19 wamefuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia. Mtoro umekaa kimya.

Mtoro_wa_Soka:
Nimekaa nasoma dada yangu. Hilo sikulijua, pongezi.

Duka_la_Baba:
Niongee kama mtu niliyeuzwa. Niliagiza "wilo ya Uingereza" kwa bei ya kutupa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, imekuja na stika kubwa uso mzima. Nilipobandua stika, rangi ya kahawia, mistari haionekani, na ncha imewekwa fila ya mbao imepakwa rangi. Kwa hiyo Uyole kabla hujatuma hela omba picha ya uso bila stika, picha ya ncha, na ya pembeni kuona kama imenyooka. Na omba vidio wakiigonga na mpira, usikilize. Sauti ya bati nzuri ni kavu na inarudi, siyo ile pwaa.

Uyole_Kwetu:
Dah. Sasa laki tatu na nusu naweza kupata ya Uingereza halali kweli?

Duka_la_Baba:
Ya gredi ya mwisho labda, ile yenye madoa na alama za kahawia, inacheza vizuri tu ila sura mbaya. Zile safi za gredi ya kwanza kule kwao zenyewe zinapita milioni ukibadilisha hela, hujaweka usafiri na ushuru.

Tukuyu_Ndizi:
Chukua Kashmir mbili. Kwenye Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi ya ova 20) la 2022 Australia kuna wachezaji wa Falme za Kiarabu walikuwa na bati za Kashmir na wakapiga sita vizuri. Moja ya mazoezi moja ya mechi, hata moja ikifa unaendelea. Ukinunua moja ya Uingereza ukacheza nayo kwenye lile zege la Baba Nzovwe, Agosti utarudi hapa kufungua uzi mwingine.

Seremala_Mafinga:
Mimi napinga. Kashmir nzito, ukichukua nyepesi ya Kashmir ujue imechongwa sana imebaki nyembamba. Kwa kijana anayejifunza bora nyepesi yenye mti mzuri, atajifunza mikono.

Mzee_Miyomboni:
Seremala ana hoja. Bradman, yule gwiji wa Australia, alitumia bati nyepesi sana, hata watoto wa leo wangeidharau. Tendulkar wa India yeye nzito. Wote wawili walipata rani zao.

Binti_Gangilonga:
Kaka urefu wako ngapi? Kama hujafika sentimita 170 usichukue ya watu wazima, kuna saizi inaitwa Harrow ni ya hapo katikati, nyepesi na bei inapungua. Wanaume hawapendi kuisikia lakini ndo hivyo. Na kwa mkeka, mpira unadunda juu, kwa hiyo tafuta ile ambayo sehemu nene iko katikati au juu kidogo, siyo zile za chini zinazofaa pichi za kudunda magotini.

Uyole_Kwetu:
Nna 168. Harrow kweli? Wenzangu watanicheka.

Kihesa_Juu:
Watakucheka ukiwa unakimbia rani au ukiwa umekaa nje?

Mama_Ilomba:
Samahani naingilia, mwanangu yuko darasa la sita anataka bati na mimi sijui lolote, nimesoma yote hata sikuelewa mlanzi umeingiaje. Ninunue ipi isiniumize?

Binti_Gangilonga:
Shikamoo mama. Mti wowote wa bei nafuu na mpira wa tenisi, usimnunulie ya kukulia, kubwa itamharibu mikono. Asimame, bati iwe pembeni ya mguu, mpini ufike usawa wa nyonga hivi. Akikua ndo muongelee wilo.

Mama_Ilomba:
Asante mwanangu, marahaba.

Seremala_Mafinga:
Mama Ilomba ya mpira wa tenisi hiyo nakuchongea mimi, msonobari mkavu, naituma na basi la Makambako. Hakuna haja ya India.

Kondakta_Kitonga:
Kifurushi mimi napokea stendi. Uyole na wewe ukiagiza Dar waambie waifunge kwa blanketi na isilazwe karibu na injini, nimeona vitu vya mbao vinashuka Mbeya vimepinda.

Fizikia_Tamu:
Hiyo nayo ni sababu nyingine hatukuiandika.

Uyole_Kwetu:
Wakuu nawashukuru wote. Muuzaji ametuma picha za Kashmir mbili bila stika, moja ina mistari saba inaonekana, nyingine ina fundo dogo karibu na bega. Zote kilo 1.18. Na kuna jamaa Soweto ya hapa Mbeya anauza ya Uingereza iliyotumika, Harrow, ina ufa mdogo umegundishwa, laki mbili na themanini. Seremala, ufa uliogundishwa unaaminika?

Seremala_Mafinga:
Inategemea gundi na upande. Ufa unaoenda na nyuzi gundi ya mbao inaushika vizuri kabisa, unaokatiza nyuzi achana nao. Tuma picha ya karibu, na upige mchana siyo kwa flashi.

Baba_Nzovwe:
Jamaa wa Soweto namjua, hiyo bati imepigiwa kwenye zege letu hilohilo. Mwambie ashuke mpaka laki mbili.